Bangili Chini ya Turubai la Njano

Mama Lugano, jirani yetu wa upande wa mgombani, anasema aliniona kwa macho yake mawili. Anasema siku ya pili ya msiba wa baba mdogo Ambakisye, saa sita mchana, nilikuwa nimesimama kwenye mafiga ya jiko la msiba, nimelewa dawa yangu ya dirishani, nacheka peke yangu. Anasema bangili yangu ilikuwa ya njano, njano ya kukolea kama ndizi iliyoiva mpaka inataka kudondoka. Anasema nilishika mwiko nikawa nakoroga hewa, halafu nikalisukuma sufuria la maharage kwa makusudi, likamwagikia Sekela, mtoto wa marehemu, mguu wa kushoto kuanzia gotini kushuka.

"Ndiyo bangi hiyo," anasema. "Waiite tone, waiite tiba, waiwekee na nembo ya taifa. Babu yangu alifungwa miaka saba kwa mashina matatu. Leo wanapewa na nesi, na pole juu."

Hayo ameyasimulia bombani, ameyasimulia kwenye mazoezi ya kwaya, ameyasimulia kwa fundi wa sola ambaye hata hatumjui. Mimi niliyasikia kupitia ukuta wa mabanzi, nikiwa nimelala kifudifudi kitandani, naye anamsimulia mama mkwe wake asiyesikia vizuri. Kwa hiyo aliyasema kwa sauti kubwa, na akayarudia.

Baadhi ni kweli. Nilikuwa kwenye mafiga. Mwiko niliushika. Mdomo wangu ulivutika upande, na mtu akitaka anaweza kusema nilicheka. Sekela ameungua.

Lakini bangili haikuwa ya njano.

Turubai la jikoni ndilo lilikuwa la njano, lile la chama cha kuzikana, na jua la saa sita lilikuwa juu yake sawasawa. Chini ya turubai lile kila kitu kilikuwa cha njano. Wali mweupe ulionekana pilau, mpaka mzee mmoja kutoka Kyela akalalamika kwamba yeye amepakuliwa pilau isiyo na nyama. Mama Lugano alikuwepo, alicheka pamoja na wengine. Bangili yangu aliiona pale pale, katika mwanga ule ule.

Bangili ilikuwa nyeupe. Na nyeupe ndiyo mbaya zaidi.

*

Kwa asiyevaa bangili, mambo yako hivi. Asubuhi unakunywa tone lako. Bangili inaonja damu kupitia ngozi ya kifundo cha mkono, inageuka njano, na kwa saa nne hushiki panga, hupandi pikipiki, husogelei moto. Halafu inakuwa kijani, nawe ni mtu kama watu wengine mpaka kesho yake. Ikiwa nyeupe, maana yake dawa haipo mwilini, kifafa kinaweza kukuangusha wakati wowote, nawe unatakiwa ukae chini na umwite nesi.

Mimi nilifunga utepe mweusi wa wafiwa juu ya bangili, nikakaza fundo kwa meno, nikaenda jikoni. Binti wa nyumba asiyekoroga sufuria kwenye msiba wa nyumbani kwao atasemwa miaka kumi. Walikuwa wameshaanza kunisema kwamba ugonjwa wangu unajua kuchagua siku zenye kazi.

Nilianguka na sufuria. Nilipozinduka nilikuwa nimelala kwenye majivu ya pembeni, utepe umefunguka, na watu wamesimama mbali wakiwa wameziba midomo kwa khanga. Huku kwetu mtu wa kifafa akitoa povu haguswi. Akianguka motoni, haguswi. Vyombo vya serikali vinaruka juu ya paa la zahanati kuleta mafuta ya dawa, watoto wanafundishwa na sauti za ukutani, lakini mate ya mtu wa kifafa bado yanaogopwa kama zamani. Aliyenigusa ni mmoja tu. Sekela aliingia kati ya mafiga akanivuta kwa miguu, na sufuria lililokuwa limeinama likamalizia kumwagika juu yake.

Kwa hiyo Mama Lugano hakukosea kwamba mimi ndiye sababu. Amekosea sababu ya sababu. Na mimi nilijua, nikanyamaza siku tatu, kwa kuwa kuisahihisha hadithi yake ilikuwa lazima nimtaje aliyekuwa kaburini.

*

Baba mdogo Ambakisye alinichukua nikiwa na miaka saba, mama alipofariki na baba akahamia Chunya. Shuleni nilifika darasa la saba. Siku ya mtihani nilianguka juu ya karatasi zangu, na hapo ndipo masomo yalipoishia. Nyumbani walinitengea kikombe, sahani na kigoda. Yeye alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kukunja shati vizuri, na kila jioni alivuta sahani yangu akaiweka kati yetu, akala upande wake na mimi upande wangu. Hakusema kitu juu ya jambo hilo. Alikula tu.

Serikali ilipopanda bangi ya dawa ndani ya nyumba za vioo, pale palipokuwa mashamba ya chai kabla joto halijayaua, na dirisha la tone likafunguliwa kwenye zahanati ya kata yetu, yeye ndiye aliyesimama mbele ya kanisa kukataa. Alisema harufu ile haitaingia kwake. Watu wakaitikia amina. Mwezi uliofuata nilianguka mara nne kwa siku moja, na kesho yake akanishika mkono, akanipeleka dirishani mwenyewe, akipita njia ya nyuma ya soko. Nesi Bupe akamwambia dawa hii haitolewi bila shahidi, mtu anayeishi umbali wa kusikia ukipiga kelele. Akaweka dole gumba lake kwenye kioo. Hilo, kanisa lilimsamehe, maana ilikuwa kwa ajili ya yatima.

Kibweta cha dawa kilikaa chumbani kwangu, juu ya sanduku. Ni kidogo, kama nusu ya tofali. Kila alfajiri kilisema kwa sauti ya mwanamke mpole: "Mgonjwa, weka kidole. Shahidi, weka kidole." Ukiweka wewe peke yako hakifunguki. Akiweka yeye peke yake hakifunguki. Mkiweka wote, unatoka mrija mdogo, unauweka chini ya ulimi, nao ukishahisi joto la ulimi wako ndipo unadondosha. Walitengeneza hivyo ili tone lisiuzwe. Hawakufikiria mtu asiyetaka kuliuza.

Miaka miwili sikuanguka. Halafu uti wa mgongo wa baba mdogo ukaingiwa na saratani.

Alipewa vidonge, vikamshinda tumbo. Nesi Bupe alimwambia mbele yangu: "Mzee, kuna tone la maumivu. Nikuandikishe?" Akatikisa kichwa kabla hajamaliza kuuliza. Majina ya dirishani yanaonekana ukutani pale zahanati, kila mgonjwa na siku yake. Usiku alikuwa anauma blanketi ili Sekela asisikie, na Sekela alikuwa anasikia.

Asubuhi moja, baada ya kuweka kidole, hakuondoka.

"Mwanangu," akasema. "Hilo tone linakaa mdomoni muda gani kabla halijapotea?"

"Dakika moja, baba."

"Na mtu akiweka pamba chini ya ulimi?"

Niliangalia sakafu. Nilikuwa nimeshaiona. Ncha ya pamba ilikuwa inachungulia kwenye mfuko wa shati lake, imekunjwa vizuri kama alivyokunja kila kitu chake. Alikuwa ameiandaa kabla ya kuja.

"Ukiandikishwa utapata yako," nikasema.

"Na Jumapili nitaketi wapi?"

Nikauinamia mrija.

"Siku moja tu," akasema. "Nilale siku moja."

"Baba, mate yangu."

"Mate yako nimeyala tangu ukiwa na miaka saba."

Ndivyo ilivyokuwa. Nilitoa pamba mdomoni nikampa, akaiweka mdomoni mwake na kufumba macho. Siku ile alilala mpaka adhuhuri. Sikuweza kumnyima siku ya pili, na kama ningeweza siku ya pili, ya tatu nisingeweza. Bangili ilipauka, ikawa kijani cha maji, halafu nyeupe. Nilivaa sweta la mikono mirefu. Siku ya kumi na moja alifariki, asubuhi, pamba ikiwa bado mdomoni. Niliitoa kwa kidole kabla sijamwita Sekela.

*

Nesi Bupe alikuja siku ya tatu baada ya mimi kuanguka. Alimwona Sekela kwanza, akampulizia mguuni ile ngozi ya kopo inayotanda kama utando wa maziwa, akafunika juu kwa jani la mgomba lililochemshwa, kama bibi zetu walivyofanya. Halafu akaingia kwangu akafunga mlango. Aligusisha simu yake kwenye bangili, kisha kwenye kibweta. Akasoma mpaka mwisho.

"Kibweta kinasema umekunywa matone kumi na moja," akasema. "Damu yako inasema haijaona hata moja. Nimwamini nani?"

"Damu."

"Nilikwambia nini kuhusu kuacha dawa ghafla?"

"Ulisema ni heri nisingeanza."

"Na kuhusu kumpa mwingine?"

Nikaifunika bangili kwa kiganja.

"Sikulazimishi kutaja jina," akasema. "Kanuni inasema atakayeulizwa ni shahidi."

"Shahidi wangu tumemzika, nesi."

Aliishusha simu. Nilimwona akielewa, taratibu, kama mtu anayesoma maandishi ya mbali. Alivua miwani, akaifuta kwa ukingo wa gauni, akaivaa, akaivua tena.

"Ningemwandikisha, ndani ya wiki moja angepata lake," akasema. "Lililopimwa kwa maumivu yake, kwa umri wake, kwa vidonge vyake vingine. La kwako limepimwa kwa kichwa chako. Alikuwa anakula makombo. Na mimi sikujua anachanganya nini na nini."

"Nilimuua?"

"Sijasema hivyo. Saratani ndiyo iliyomuua. Lakini nimekaa nikijua mzee anaumia na nimeshindwa, kumbe anatibiwa na pamba." Alisimama. "Ijumaa kuna mkutano. Mama Lugano amewasha moto, mwenyekiti anataka dirisha lihamishwe mjini. Wagonjwa kumi na wanne, Ganile. Yule mtoto wa Mwambene anaanguka mara arobaini kwa siku asipopata. Mama yake atambeba mgongoni mpaka mjini kila wiki?"

"Si ungewaonyesha hiyo kumbukumbu ya bangili?"

"Kumbukumbu ni ya kwako. Bila ruhusa yako mimi naenda jela. Na nikiionyesha, swali linalofuata unalijua."

*

Ijumaa tulikaa kwenye baraza ya ofisi ya kijiji. Mimi nilikaa mwisho wa benchi, na kama kawaida palibaki nafasi ya watu wawili kati yangu na wa karibu yangu. Wazee wa kanisa walikaa mbele. Sehemu ya baba mdogo walikuwa wameiacha wazi.

Mama Lugano alisimulia. Ni msimulizi mzuri, sitamnyima hilo. Alipofika kwenye kucheka, aliuvuta mdomo wake upande, akaupatia kabisa. Watoto wakacheka.

Mwenyekiti akaniuliza kama nina la kusema. Nilisimama. Nikakaza khanga.

"Bangili haikuwa ya njano. Ilikuwa nyeupe. Nesi, wasomee."

Nesi Bupe akasoma. Siku, saa, rangi, kuanzia kabla ya msiba. Alisoma kwa sauti kavu kama ya anayeita majina shuleni. Mnung'uniko ukapita barazani.

"Kwa hiyo hakuwa amekunywa dawa," mwenyekiti akasema.

"Hakuwa amekunywa. Angekuwa amekunywa asingeanguka," nesi akajibu.

Mama Lugano hakukaa. "Mimi njano niliiona."

"Uliiona, mama," nikasema. "Hata wali uliuona wa njano."

Mtu alicheka nyuma, mwingine akamfuata. Mama Lugano mwenyewe mdomo ulimchezacheza, akaubana.

"Haya," akasema. "Tuseme ni turubai. Tone unapewa kila siku, kibweta kinafunguka kila siku. Sasa kama hukunywa, lilikuwa linakwenda wapi? Ulikuwa unauza?"

"Siuzi."

"Unampelekea nani?"

Niliangalia ile sehemu wazi kwenye benchi la mbele. Juu yake walikuwa wameweka kitabu chake cha nyimbo, kwa heshima.

"Nilikuwa nalitema," nikasema.

"Kwa nini?"

"Kwa aibu, mama. Naona aibu kuitwa mla bangi."

 Mwanamke mmoja akasema taratibu, "Sasa aibu hiyo imemchoma mwenzio," na wengine wakaguna kukubali. Ilikuwa kweli na haikuwa kweli. Nilitema kwelikweli. Aibu ilikuwepo kwelikweli, ila haikuwa ya kwangu peke yangu, nami niliibeba yote, nikakaa nayo chini. Dirisha likabaki. Mama wa yule mtoto wa Mwambene alipita karibu yangu akitoka, mtoto mgongoni. Hakunisalimia, lakini alipita karibu.

Nesi Bupe aliningoja njiani.

"Mimi siwezi kukubali hilo la kutema," akasema. "Kwenye daftari langu umegawa dawa. Adhabu yake unaijua, unafutwa."

"Najua."

"Kuna njia moja. Ukipata shahidi mpya ndani ya siku tatu. Lakini lazima umwambie kosa lote, lote, na aweke kidole akiwa analijua. Kibweta kitamuuliza. Akidanganywa, nitamfuta na yeye." Akaangalia juu ya mgomba, kuelekea nyumbani kwetu. "Nani yuko umbali wa kusikia?"

Wako wawili tu. Mama Lugano na Sekela.

*

Nilimkuta Sekela amekaa kitandani kwake, mguu juu ya mto, anachambua njugu kwenye ungo. Dirisha la chumba lilikuwa wazi na mchana ulikuwa umeng'aa. Nilikuwa nimebeba kibweta ndani ya khanga kama mtu aliyebeba mtoto.

"Umekuja kunimwagia na uji?" akasema.

"Leo sijashika sufuria."

"Afadhali. Kaa basi. Usisimame hapo kama mgambo."

Nilikaa sakafuni. Sekela ni mdogo wangu kwa mwaka mmoja, lakini sauti yake imekuwa ya mkubwa tangu msiba. Nilimuuliza mguu. Akasema unawasha, na kuwasha ni dalili nzuri. Nikamuuliza kwa nini alinigusa siku ile.

Alipeta njugu kwanza. "Nilisahau kuogopa. Baadaye nikakumbuka. Tangu siku ile nimekaa hapa nasubiri na mimi nianguke."

"Hakiambukizi."

"Najua. Nesi kaniambia. Lakini nasubiri."

Hapo ndipo nilipomwambia. Nilianza na pamba kwenye mfuko wa shati, kwa kuwa bila pamba ile asingeniamini. Nilimwambia baba yake alivyouliza Jumapili ataketi wapi. Nilimwambia siku kumi na moja, moja moja. Nilimwambia kwamba pamba ya mwisho niliitoa mimi, na iko chini ya jiwe nyuma ya choo, kwa kuwa sikujua inatupwa wapi. Nilimwambia baba yake angeweza kupata tone lake, zima, kwa jina lake. Sikulia. Nilikuwa nimejikataza kulia ili asinihurumie kabla hajasikia yote.

Mikono yake ilisimama juu ya ungo.

"Alikuwa analala," akasema. "Wiki mbili za mwisho alikuwa analala."

"Ndiyo."

"Alituambia ni maombi." Aliangalia ukutani, mahali shati la kanisani la baba yake lilipotundikwa, limekunjwa mikono. "Nilisimama kanisani, Ganile. Mimi. Nilisimama mbele ya watu wote nikatoa ushuhuda kwamba Mungu amemwondolea baba maumivu. Yeye alikuwa amekaa pale mbele. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaitikia amina."

"Nilikuwepo."

"Wewe ulikuwepo na ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

"Na kwenye mkutano umesema unatema."

"Sikutaka wamseme kabla hata kaburi halijakauka."

"Ukawaficha wao, ukaniletea mimi."

 Niliweka kibweta sakafuni, nikakisogeza mpaka kikagusa mguu wa kitanda upande wake wa mkono wa kulia. Nilimwambia kanuni ya nesi. Nilimwambia zimebaki siku mbili, na kwamba akikataa sitamlaumu na wala sitakwenda kwa Mama Lugano. Nilimwambia kila alfajiri atalazimika kuniona nikipanua mdomo, na kungoja mpaka nimeze, na kusema mbele ya kibweta kwamba ameona nimemeza.

"Naomba uwe shahidi wangu," nikasema.

Niliweka dole gumba langu kwenye kioo. Taa ndogo ikawaka.

"Mgonjwa amepokelewa," kikasema kwa ile sauti ya upole. "Shahidi, umeelezwa kosa lote? Kama ndiyo, weka kidole."

Sekela aliuondoa ungo mapajani, akauweka pembeni taratibu ili njugu zisimwagike. Alinyoosha mkono wake wa kulia mbele yake, akaugeuza, akawa anaangalia dole lake kama kitu cha mtu mwingine. Lina alama nyeupe ya lengelenge, ya siku ile.

Nje Mama Lugano alikuwa anaita kuku wake.

"Shahidi, weka kidole," kibweta kikasema tena.

Nilibaki nimeshikilia langu kwenye kioo, mkono ukaanza kufa ganzi, na sikuuondoa.